Sura ya Sita: Risasi za Kumpokea Mtoto

"Hesabu mwenyewe, Afande," Ratvel alisema. "Matatu. Sijayagusa tangu juzi."

Maganda ya risasi yalikuwa yamenasa kwenye barafu ya uani, kando ya gogo la kuchanjia kuni. Inspekta Tariel Gvarmiani alichuchumaa, akayachokoa moja moja kwa ncha ya kisu na kuyatia mfukoni. Hakuyaona kuwa na maana kubwa wakati huo. Aliyachukua kwa sababu mpelelezi akirudi kituoni Mestia mikono mitupu, wakubwa humuuliza kama alikwenda kazini au kunywa araki.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Juzi, dhoruba ilipokatika, Tsiala mke wa Ratvel alijifungua mtoto wa kiume humu humu nyumbani, kwa mikono ya majirani, kwa kuwa barabara ya hospitali ilikuwa imezikwa. Ratvel akawapigia simu wakwe zake walioko kijiji cha pili, Murkhveli, na baadaye akatoka uani na bunduki kumpokea mwanawe kama alivyopokewa yeye na baba yake. Wakati huo wakwe walikuwa wameshafunga safari kwa miguu kuja kumwona mjukuu. Walipofika chini ya mteremko wa Detsili, mteremko ukaporomoka. Watano wakakimbia wakapona. Mushni Nakani, kitindamimba wa nyumba ile, ndugu yake Tsiala, akafukiwa, na walipomfukua alikuwa ameshakufa.

Bonde zima lilikuwa na jibu moja tu: risasi ndizo zilizoangusha theluji.

"Ulipiga ya kwanza, ukakaa, au ulipiga mfululizo?" Tariel aliuliza.

"Nilipumua katikati. Kama inavyotakiwa. Wewe si wa huku, Afande? Tatu ni mtoto wa kiume."

"Najua. Nataka nisikie kutoka kwako."

Bibi kizee mmoja alichungulia juu ya ua, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alikuwa Bibi Babutsa, jirani, ndiye aliyemkata mtoto kitovu. "Tatu, tatu!" alisema. "Angepiga mbili ningekuja kumuuliza mtoto ana kasoro gani. Nimemtoa mwenyewe, hana kasoro. Ana sauti kama mbunge."

"Upepo ulikuwa unavuma, Bibi?"

"Ulikuwepo. Moshi wangu ulilala hivi, kuelekea bondeni." Alionyesha kwa mkono. "Ulitoka Detsili ukaja kwetu. Mimi jikoni nilitoka machozi kabla ya msiba."

Tariel aliliweka hilo nalo akilini.

Mlango ulifunguliwa. Tsiala alisimama kizingitini, mtoto kifuani, uso umevimba kwa kulia. Hakumtazama mumewe. "Afande," alisema, "mwambie aape tu. Mwambie aweke mkono kwenye picha takatifu, aseme si yeye, yaishe."

"Siwezi kuapa nisichokijua," Ratvel alijibu.

"Basi utaondoka. Nami nikufuate, nisizike ndugu yangu? Au nibaki, mtoto huyu akose baba?"

Ratvel aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku hiyo. Ndugu wa marehemu walikuwa wametaka Ratvel aape mbele ya picha ya Malaika Mkuu kwamba mkono wake haukuleta theluji ile. Ratvel alikuwa amekataa, na kwa Wasvani, watu wa milima ile, mtu anayekataa kuapa amejihukumu mwenyewe. Leo wakwe walikuwa wanakwenda Detsili kuichukua roho ya Mushni kwa kinubi na jogoo, na wakirudi, wazee wa pande zote mbili wangetamka: Ratvel Parjiani akihame kijiji, asirudi tena.

"Vaa koti," Tariel alimwambia. "Na bunduki nipe mimi. Tunakwenda kuiuliza theluji yenyewe."

*

Makvala Zurabiani aliwasubiri ukingoni mwa msitu, ametia ski begani na beleshi mgongoni. Alikuwa mtaalamu wa theluji wa kikosi cha uokoaji, mwanamke wa makamo mwenye uso uliobabuka kwa jua la milimani. Alikuwa amesomea kazi hiyo nchi za watu, na aliisema theluji kama mtu anavyomsema jirani asiyemwamini.

"Inspekta," alisema, "hicho kitambi umekileta kama ushahidi?"

"Ni cha serikali. Twende."

"Mtapita nilipopita. Mmoja akitembea, wengine wanasimama wanamwangalia. Nikisema simama, mtu asimame hata kama mguu uko hewani."

Walipanda kwa kufuata mgongo wa mlima, mahali ambapo upepo ulikuwa umekwangua theluji hadi mawe yakaonekana. Juu kabisa Tariel aliona nyayo. Zilitoka mwambani, zikafuata ukingo wa juu wa Detsili, zikapotea upande wa pili. Mtu akipita juu ya mteremko anaweza kuuangusha, hilo hata yeye alilijua. Aliinama, akapima kwa kidole.

"Usishangilie mapema," Makvala alisema nyuma yake. "Huyo ana kwato."

Walikuwa mbuzi wa mlimani, watatu au wanne, na nyayo zao hazikuingia mteremkoni hata kwa hatua moja. Zaidi ya hayo zilikuwa mbichi, za alfajiri hiyo. Tariel alijisikia vibaya. Angependa sana muuaji awe mbuzi.

Kutoka pale waliona kila kitu. Katikati ya mteremko theluji ilikuwa imekatika kwa mstari mmoja mrefu, ukuta wake umesimama wima kwa kimo cha bega la mtu, safi kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini ya ukuta kulikuwa kutupu. Bondeni, mabonge yalikuwa yamerundikana. Upande wa Lakhari, kijiji cha Ratvel, kipande kizima cha mteremko kilikuwa bado kinaning'inia, hakijaanguka.

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi," Makvala alisema. "Na akina Nakani wanakuja kupita hapo chini na jogoo."

Alichagua mahali salama kando ya miti, akachimba shimo hadi kiunoni, akalainisha ukuta wake kwa beleshi. Akawaita wote wawili.

"Tia kidole hapa juu. Gumu, sivyo? Hii ni theluji iliyoletwa na upepo wa dhoruba, imejishika ikawa ubao. Teremka. Teremka. Hapo."

Kidole cha Tariel kilizama. Kati ya ubao wa juu na theluji ya zamani kulikuwa na utepe mwembamba wa chembe kubwa zinazong'aa, mfano wa chumvi ya mawe. Alipozichota zilimwagika kiganjani bila kushikana.

"Kabla ya dhoruba tulikuwa na usiku wa baridi kali, mbingu safi bila wingu," Makvala aliendelea. "Umande ukaganda juu ya theluji, ukaota kama manyoya. Mzuri, watu wakapiga picha. Kisha dhoruba ikaja ikaufunika. Sasa mlima wote umejengwa juu ya manyoya."

Alichukua msumeno, akakata nguzo ya theluji ikasimama peke yake shimoni, imeshikana na mlima kwa chini tu. Akamgeukia Ratvel.

"Ipigie kelele."

"Nini?"

"Umesema sauti inaangusha theluji. Hiyo hapo, imesimama kwa shida kuliko mlima wote. Iangushe."

Ratvel alimtazama Inspekta. Inspekta aliinua mabega. Ratvel akapiga kelele, ya kwanza ya aibu, ya pili ya kweli, na ya pili ile ilikuwa na kilio ndani yake. Nguzo haikutikisika. Makvala mwenyewe aliikaribia kama anayetaka kuibusu na kuitukana tusi la soko la mjini Zugdidi. Haikutikisika.

Kisha aliweka beleshi juu yake, akaligonga kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mara chache tu. Nguzo ikakatika palepale penye utepe, na ubao wa juu ukateleza mzima mzima hadi miguuni kwa Ratvel.

"Uzito," Makvala alisema. "Theluji haina masikio. Ina mgongo, na mgongo huvunjika ukibebeshwa."

"Babu zetu wote walikuwa wajinga?" Ratvel aliuliza kwa uchungu. "Karne ngapi tunapita kimya, halafu wewe na nguzo yako?"

"Babu zako walipita kimya wakafika, wakasema ni kimya kilichowafikisha. Waliopita kimya wasifike hawakurudi kusimulia."

"Hiyo ni nguzo. Mlima ni mlima. Nilipiga, ukaanguka."

Tariel alimwelewa. Yeye pia alilelewa hivyo. Mama yake alikuwa akimfunga mdomo kwa skafu kila walipopita chini ya mteremko baada ya theluji mpya, na mpaka leo, mtu mzima mwenye bastola, alikuwa akinong'ona bila kujua kila anapofika mahali kama hapa. Mtu haachi maziwa ya mama kwa sababu ya nguzo moja.

"Kama si sauti, ni nani?" aliuliza. "Juu hakukupita mtu."

"Si lazima awe juu," Makvala alisema. "Theluji ya namna hii unaweza kuikanyaga chini, ikavunjika juu. Ule utepe ukiporomoka mahali pamoja, unaporomoka wote, unakimbia kama moto kwenye nyasi kavu. Twende tukaone walikokanyaga."

*

Waliteremka kwa kupitia msitu wa upande wa Murkhveli. Ratvel aliambiwa abaki chini ya misonobari. Tariel na Makvala walitoka peupe, Makvala kwanza, Tariel baadaye, chini ya sehemu ambayo ilikuwa imeshamwaga theluji yake yote.

Njia ya akina Nakani ilikuwa bado ipo. Watu sita walikuwa wamepita, lakini nyayo zilikuwa za mtu mmoja: mfereji mmoja wenye kina, kila mmoja amekanyaga alipokanyaga wa mbele. Tariel aliufuata kwa macho mpaka ukaingia kwenye mteremko. Hapo ukafikia ukomo. Haukukatwa na poromoko. Ulipanuka ukawa duara, theluji imekandamizwa kabisa, nusu yake imefunikwa na mabonge na nusu iko wazi.

"Walisimama," alisema.

"Walisimama wote, mahali pamoja," Makvala alisema. Sauti yake ya utani ilikuwa imeondoka. Alipiga magoti, akapangusa theluji laini ya upepo kwa glavu. Kutoka ukingoni mwa duara ulionekana ufa, mwembamba kiasi cha kuingiza kiganja, ukipanda moja kwa moja kwenda kwenye ule ukuta wa juu.

Tariel alitia kiganja ufani, kikaenea.

"Umoja ni nguvu," Makvala alisema, "ila si hapa. Nilitangaza redioni, Inspekta. Kila asubuhi. Hatari ni kubwa, watu wasitoke. Lakini amezaliwa mjukuu, nani hatatoka? Ningesema tu, mkitoka, achaneni. Mmoja mmoja. Maneno mawili. Sikuyasema, kwa sababu kitabu kinataka niseme wasitoke."

Tariel alikuwa akifikiria upepo wa Bibi Babutsa uliotoka Detsili kwenda Lakhari, na mlima ulioko kati ya uwanja wa Ratvel na mahali hapa. Alikuwa ameanza kushuku jambo, na hakulipenda.

Kwa mbali, kati ya miti, walionekana watu waliovaa nyeusi.

*

Walikuja kama walivyokuja siku ile: mstari mmoja, karibu karibu, bila hata kikohozi. Mbele alitangulia Mzee Aprasion Nakani, baba wa marehemu, mrefu, kofia ya sufu ya kijivu kichwani, jogoo mwekundu kwapani. Nyuma yake wanawe wawili, Bimurza mwenye ndevu na Jansug aliyebeba kinubi kilichofungwa shuka. Kisha wazee wasuluhishi na majirani. Kwa kawaida ya huko, mtu akifia mlimani roho yake hubaki palepale inazubaa, mpaka jamaa waifuate kwa kinubi na jogoo, wamwite jina lake, waiongoze nyumbani.

Makvala alinyoosha mikono yote miwili. "Simameni hapo hapo mitini!"

Wote walishtuka kama waliomwagiwa maji. Bimurza aliweka kidole mdomoni kwa hasira.

Tariel alirudi hadi mitini, akavua kofia. "Pole sana, Mzee Aprasion."

"Sema polepole, mwanangu," mzee alinong'ona. "Mahali penyewe unapajua."

"Nina maswali machache. Njoo pembeni."

Walisogea nyuma ya shina la msonobari. Jogoo alimtazama Inspekta kwa jicho moja.

"Siku ile mlipitaje hapa?"

"Kama tulivyofundishwa. Kimya, na pamoja. Sikumwachia mtu atangulie wala abaki nyuma."

"Lakini mlisimama."

"Nani amekuambia?"

"Theluji imebaki na nyayo zenu."

"Nilisimama mimi." Alimhamisha jogoo kwapa la pili. "Mushni alikuwa amebeba mgongoni kitanda cha mtoto, kile cha kubembeza, walicholalia wanangu wote walipokuwa wachanga. Akawa anajifanya mtoto yumo ndani, anamwimbia. Mpumbavu. Wenzake wanacheka, wanajizuia, wanacheka. Nikaona watatuua. Nikawaita wote karibu nami niwagombeze."

"Wote sita."

"Wote. Utamgombezaje mtu kwa kunong'ona naye yuko mbali?"

"Walikuja karibu kiasi gani?"

"Kama hivi mimi na wewe. Nilimshika Mushni sikio." Mzee alitazama vidole vyake. "Mtu mzima, nikamshika sikio. Ndipo mkwe wangu akapiga risasi yake."

"Uliisikia?"

"Sote tuliisikia."

"Ngapi?"

"Moja."

"Una hakika, Mzee?"

"Nimewinda maisha yangu yote, sijui kutofautisha moja na mbili? Moja. Nzito. Niliisikia magotini kabla ya masikio. Kisha mteremko ukaja. Sisi tukakimbilia miti. Yeye alikuwa na kitanda mgongoni, kamba zimefungwa kifuani."

Mkono wa Tariel ulikuwa mfukoni, na vidole vyake vilikuwa vinagusa maganda yale. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahi kuwaonyesha watu visu, nguo zenye damu, picha za maiti. Hakuwahi kutamani kama sasa ushahidi wake upotee. Angeweza kunyamaza. Mzee angezika mtoto akiwa na mtu wa kumlaumu, na hiyo nayo ni nafuu. Lakini ng'ambo ya mlima kulikuwa na mwanamke kizingitini na mtoto asiye na jina bado.

Alifungua kiganja.

"Ratvel alipiga tatu," alisema. "Kijiji kizima kilihesabu. Upepo ulikuwa unatoka huku kwenda kwao, na katikati kuna mlima. Hamkusikia hata moja."

Aprasion aliyatazama maganda. Aliyatazama kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili.

"Basi nilisikia nini?"

"Theluji ikivunjika. Chini yenu. Huyu mama atakueleza vizuri zaidi. Tabaka la chini lilikuwa dhaifu, likashindwa na uzito mliposimama pamoja." Tariel alifumba kiganja chenye maganda. "Risasi haisikiki magotini, Mzee."

Wahenga husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Aprasion Nakani alivipata vyote viwili ndani ya siku tatu.

"Kama tungepita mmoja mmoja," alisema mwishowe, bado kwa kunong'ona. "Tunacheka. Tunaimba."

"Huenda mngefika."

"Usinipe huenda. Wewe ni polisi."

"Mngefika, Mzee," Tariel alisema.

Bimurza alikuwa amesogea bila kuitwa. "Anasema nini? Baba, anasema nini huyu? Akina Parjiani wamemlisha mikate ya nyama, sasa anakuja kutuambia tumemuua ndugu yetu wenyewe?"

"Nyamaza."

"Aape basi! Kama ni safi aape!"

"Nimesema nyamaza." Mzee alimkabidhi jogoo. Akageuka kuelekea misonobari ambako Ratvel alikuwa amesimama peke yake na beleshi la Makvala, kama mtu aliyekuja kuchimba kaburi la mtu mwingine. Tangu juzi hakuna aliyemsemesha upande ule. "Mkwe! Njoo hapa."

Ratvel alikuja. Hakujua aweke wapi mikono.

"Inspekta, mpe bunduki yake."

Tariel alimtazama Makvala. Makvala aliangalia mteremko, akaangalia watu wote waliokuwa salama chini ya miti, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna sheria ya Mestia iliyoandikwa kwa ajili ya jambo kama lile, na Tariel hakuitafuta. Aliishusha bunduki begani.

"Piga," Aprasion alisema. "Kama ulivyopiga siku ile. Elekeza juu."

"Baba, sitaki."

"Mimi pia sitaki. Piga."

Wazee walirudi nyuma. Mwanamke mmoja alijifunika uso. Risasi ya kwanza ilipasua bonde, ikagonga mwamba, ikarudi. Jogoo alipiga mabawa mikononi mwa Bimurza. Ratvel alipumua, kama inavyotakiwa. Ya pili. Akapumua tena, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Ya tatu.

Walisubiri. Kile kipande kilichoning'inia juu, kizito, cheupe, kilibaki kilivyokuwa. Hakikudondoka hata kibonge.

"Mmesikia ngapi?" Aprasion aliwauliza wanawe.

"Tatu," Jansug alisema.

"Siku ile tulisikia ngapi?"

Jansug aligeuka kumtazama ndugu yake.

"Bimurza. Wewe ndiye uliyekuwa kushoto kwangu. Ngapi?"

"Moja," Bimurza alisema, na alipolisema aliona lilikokuwa linakwenda. Alimkumbatia jogoo kifuani, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Na ilitoka wapi?"

Mzee mwenyewe alielekeza kidole chini, kwenye theluji, kati ya viatu vyake.

Mmoja wa wasuluhishi, mzee mwenye mkongojo, alikohoa. "Basi Ratvel anaweza kuapa, Aprasion. Tukirudi ataapa, mambo yaishe."

"Hakuna atakayeapa. Mkiileta picha takatifu mtaniletea mimi." Alimgeukia Ratvel, akamkunja kola ya koti vizuri, kama anavyofanyiwa kijana anayekwenda kanisani. "Nenda kwa mkeo. Mpeni mtoto jina. Mwambie Tsiala nitakuja, sijui lini. Na akiniuliza, umweleze wewe. Mimi sitaweza."

"Mzee," Makvala alisema, "hukujua. Hakuna mtu bonde hili aliyejua."

"Najua sikujua, mama. Hilo halinipunguzii kilo hata moja."

Makvala aliwaeleza namna ya kupita: kando ya miti, mmoja mmoja, wa pili asitoke mpaka wa kwanza amefika kwenye mabonge, mbali na kile kilichoning'inia. Wachache tu. Wengine wabaki. Hawakubisha. Aprasion alimchukua jogoo, akatoka wa kwanza, peke yake.

Alifika mahali walipomfukulia mwanawe, akasimama. Pale kulikuwa na ubao uliovunjika wa kitanda cha mtoto, umechomoza kwenye theluji, umepakwa rangi ya bluu. Jansug, akiwa bado mitini, alifungua shuka akakikung'uta kinubi. Ilikuwa sasa zamu ya baba kumwita marehemu kwa jina. Mdomo wa Aprasion ulitikisika, lakini waliokuwa mitini hawakusikia kitu. Alikuwa ananong'ona. Maisha yake yote alikuwa amenong'ona mahali pale.

Aligeuka akamtazama Makvala.

"Kwa sauti, Mzee," Makvala aliita. "Ita kwa sauti. Haitafanya kitu."

Tariel aliinamisha kichwa, kwa sababu hakutaka kuona.

"Mushni!" mzee alipaza sauti. "Mushni, mwanangu! Imba, baba! Imba twende nyumbani!"

Sauti ilipanda mteremko mzima, ikapiga mwamba, ikarudi. Theluji haikusogea.